Jaja Hasemi "Changamoto"

Jumatatu iliyopita nilifungua hadithi ambayo nimekuwa nikiiandika kwa miaka miwili. Nilikuwa sijaigusa kwa wiki saba, maana wiki zote hizo nilikuwa na kazi za watu za kufasiri: kijitabu cha afya ya mama na mtoto, dodoso la utafiti, na ripoti ya kurasa 80 ambayo mwenyewe aliitaka kwa siku nane. Nikachemsha chai, nikakaa, nikaanza kusoma kutoka mwanzo. Ukurasa wa tatu, Jaja, yaani bibi, anayeuza mihogo ya kuchoma nje ya lango la kambi anaulizwa na askari mgeni mbona leo amechelewa. Jaja anajibu: "Afande, ninakabiliwa na changamoto ya miguu."

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Chai ikapoa.

Jaja huyo nilimwona kwa macho yangu. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, ndani ya unipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo mchana huwezi kuegemea ukuta na mvua ikinyesha hamsikilizani. Jirani wa kulia alitoka Arua, wa kushoto Soroti, mbele yetu watu wa Kabale, na baba yangu ni wa Tororo. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea. Jaja wa mihogo alikaa karibu na lango, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya debe lililopinduliwa, sigiri mbele yake, na mihogo alikuwa akiigeuza kwa vidole bila koleo, kisha anapuliza ncha za vidole na kuzipangusa kwenye kanga. Akiulizwa habari za mguu, jibu lilikuwa moja: "Mguu yangu leo imekataa." Halafu anaupiga kofi kidogo, kama mtu anayemkumbusha mtoto mtundu kwamba wageni wapo.

"Mguu yangu leo imekataa." Katika sentensi hiyo mguu ni mtu, ana kichwa chake, ana siku anazokubali na siku anazogoma. Katika sentensi yangu mguu umekuwa kipengele cha ripoti. Na mimi ndiye niliyeandika, hakuna mhariri wa kumsingizia. Faili linaonyesha lilihifadhiwa saa tano na robo usiku, siku ambayo tangu asubuhi nilikuwa nimefasiri maneno 3,000.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo, na kwa sababu ya ushauri mmoja ambao nimeusikia mpaka umenichosha. Kila tunapokutana sisi tunaoishi kwa kalamu hapa Kampala, watafsiri, wahariri, waandishi wa matangazo, yupo atakayesema: mchana fanya kazi inayolipa, usiku andika ya moyo wako. Wanasema kama vile tatizo ni saa. Kama vile mtu ana saa 24 kwenye kikapu, anatoa nane za mteja, saba za usingizi, na zinazobaki anamgawia Jaja.

Si saa. Ningekuwa dereva wa teksi, au fundi wa mabomba, ningekubali kwamba ni saa. Dereva akishuka kwenye gari usiku mwili umechoka lakini lugha yake haijaguswa, pengine imenenepa kwa yale aliyoyasikia kwa abiria kutwa nzima. Lakini mimi kazi yangu ya kulipwa na kazi yangu ya moyo zinachota kwenye kisima kimoja. Ninachomuuzia mteja ni sentensi za Kiswahili. Ninachotaka kumpa Jaja ni sentensi za Kiswahili. Nikifika usiku, kisima hakijakauka, na hilo ndilo la hatari zaidi: kina maji, ila ni maji ya mteja.

Mnaofanya kazi hii mnayajua maji hayo. Wadau. Walengwa. Kujengewa uwezo. Kutoa kipaumbele. Katika muktadha wa. Kwa kuzingatia. Utekelezaji wa afua. Kutwa nzima mkono unatembea juu ya maneno haya, na mkono una kumbukumbu kuliko kichwa. Ukikaa usiku kuandika mwanamke anayelia msibani, mkono unaleta kile ulichokizoea, "alionyesha hisia za huzuni", na kichwa kwa vile kimechoka kinapitisha. Hukioni kikipita. Mimi sikukiona. Ilibidi wiki saba zipite ndipo nikasikia kwamba Jaja wangu anaongea kama mtu aliyehudhuria semina.

Na kuna jambo la ndani zaidi, ambalo kwa sisi wa Uganda lina uchungu wake. Kiswahili ninachouza ni sanifu. Sikufundishwa shuleni, nilisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Sanifu nilijifunza ukubwani kwa kamusi, kwa redio za Tanzania, na kwa wahariri waliokuwa wakinirudishia kazi imejaa wino mwekundu. Kambini tulisema "chakula iko wapi", "watoto yangu", "kiti hii". Mhariri akasahihisha: chakula kiko, watoto wangu, kiti hiki. Nikashukuru, na bado nashukuru. Kwa shingo upande nitakiri kwamba bila kazi za kulipwa nisingejua ngeli zangu zimekaaje, na hata nisingejua kwamba Kiswahili cha kambini kina sura yake, maana huwezi kuona sura ya kitu mpaka uwe umesimama mahali pengine.

Lakini mkono uliofunzwa kusahihisha haujui kupumzika. Umezoea kulipwa kwa kusahihisha. Unaingia kwenye hadithi yangu usiku na kuwasahihisha watu wa kambi mmoja mmoja. Sajini wa Soroti sasa anasema "kiti hiki". Mama wa Arua anasema "watoto wangu". Nimepitia kurasa 40 wiki hii nikakuta watu wote wa kambi, waliotoka pembe zote za nchi, wanaongea kwa sauti moja, na sauti yenyewe si ya yeyote kati yao. Nimewahamisha wote kutoka Nsambya bila kuwaambia.

Mama yangu aliona kabla yangu. Yuko Tororo sasa, amezeeka, tunaongea kwa simu kila Ijumaa. Mwaka jana nilikuwa namweleza habari za dawa zake za presha, azitumie vipi, na katikati akanikatiza: "Wewe mama, siku hizi unaniongelesha kama redio." Nilidhani ananisifu. Nimelikumbuka neno hilo Jumatatu mbele ya chai iliyopoa na nikaelewa kwamba alikuwa ananililia.

Kuna mfano ambao watu hupenda kunirushia nikianza maneno haya: Shaaban Robert. Wanasema, mbona yeye alikuwa mwajiriwa maisha yake yote na aliandika alichoandika? Ni kweli. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akiwa karani, akakaa huko miaka 18, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, kisha idara ya upimaji. Zaidi ya miaka 30 ya meza za serikali ya kikoloni, na vitabu juu yake. Namvulia kofia, na nikichoka huwa namkumbuka yeye. Ila nauliza: forodha ilinunua nini kwake? Ilinunua saa zake, macho yake, mwandiko wake, uaminifu wake katika hesabu. Sioni kwamba ilinunua sentensi zake za Kiswahili kwa bei ya neno. Akirudi nyumbani, lugha ilikuwa inamsubiri mlangoni kama alivyoiacha. Yangu namkuta nayo mteja.

Na kwa kuwa nimemtaja: alifariki Juni 1962, mwezi uleule ambao Makerere hapa juu kilimani palikuwa na mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Mkutano wenyewe ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Mtu mwenye vitabu kama vyake, nchi jirani, lugha ya kanda nzima, hakuwa na kiti pale. Huwa nikipita lango la Makerere nikiwa kwenye boda nalifikiria jambo hilo, na siwezi kusema limekwisha. Tangu 2005 katiba yetu inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Tarehe 7 Julai dunia nzima inaadhimisha siku yake. Matokeo yake kwangu mimi ni kwamba kila Juni simu inalia: bango, hotuba, salamu za mkurugenzi, fasiri haraka tunataka kesho. Kazi ni nyingi na nazipokea. Lakini katika miaka 11 ya kazi hii hakuna aliyenipigia kuniuliza kama nina hadithi ya Kiswahili ya watu wa Uganda. Kinachonunuliwa ni Kiswahili cha bango. Cha Jaja hakina mnunuzi, kwa hiyo kisipolindwa na sisi tunaokibeba hakuna mwingine atakayekilinda, na sisi wenyewe ndio tunaokisugua kila siku mpaka kinafutika. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa naandika kwa lugha yenye waandishi elfu, uzembe wangu wa usiku mmoja usingekuwa msiba. Watu wa kambi ya Nsambya hawana waandishi elfu.

Najua jibu linalokuja: punguza kazi za watu. Anayesema hivyo hajakaa na hesabu zangu. Kazi ya shilingi milioni 2 nikiipata, shirika linakata 6% ya kodi ya zuio, laki na ishirini imekwenda kabla sijaiona. Ankara inakaa siku 60, wakati mwingine 90. Bando ninalotumia kupokea na kutuma kazi lina ushuru wa 12% tangu Julai 2021, ulipokuja kuchukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Pesa ikiingia kwenye simu, kuitoa nako kuna kodi yake. Ada ya shule ya mwanangu haijui kwamba mimi ni mwandishi, na Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha taa zinazima katikati ya aya. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote aache kazi ya kulipwa. Pesa ya kufasiri ndiyo iliyonipa kompyuta ninayomwandikia Jaja.

Kuhusu wale wanaoomba uwaandikie bure ili ujulikane, sina la kusema zaidi ya hapana.

Wakati mmoja tu nimeona kwa macho yangu inavyokuwa maji ya mteja yakikatwa. Januari 2021, jioni ya kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Nilikuwa na kazi ya kuwasilisha tarehe 15 kwa mteja wa nje. Imekamilika, iko kwenye kompyuta, na hakuna pa kuitumia. Siku ya kwanza nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya pili nikakubali. Nikachukua daftari la mwanangu, lile la mistari mipana, nikakaa barazani, nikaandika kwa kalamu. Hakuna ujumbe uliolia. Hakuna faili la mtu mwingine lililokuwa likinisubiri. Siku ya tatu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu: mtu ndani ya hadithi akaongea kabla sijamwamulia la kusema. Alikuwa mke wa koplo, anagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, akasema, "Kamba ni ya serikali, lakini jua ni ya Mungu, toa shuka yako." Kurasa 22 nilizoandika siku hizo ndizo bora kuliko zote nilizonazo. Intaneti iliporudi tarehe 18 nikakuta mteja ameshampa kazi mtu mwingine, akidhani nimetoroka na malipo ya awali. Miezi miwili tulikula kwa mkopo wa dukani. Sitaki hata siku moja nieleweke kwamba nasifu kile kilichotokea. Watu walipoteza mengi zaidi ya mteja. Ila nilichokisikia siku ya tatu nilikisikia, na tangu hapo najua kiko.

Kwa hiyo kosa langu la miaka yote limekuwa kwenye mpangilio. Nimekuwa nikimpa mteja maji ya kwanza na Jaja makapi. Tangu Jumanne nimegeuza. Ninaishi Kibuli, adhana ya alfajiri inaniamsha hata nikikataa. Kabla ya saa kumi na mbili niko mezani. Simu inalala jikoni, kwenye sufuria yenye kifuniko, kwa sababu ikiwa karibu mkono utaifuata. Kabla ya kuandika neno natumia robo saa kusikiliza. Nina rekodi za mama yangu, nilizozichukua kwa ajili ya wajukuu, anasimulia jinsi walivyohamia Nsambya na godoro moja juu ya lori. Nasikiliza mpaka sikio lijae, ndipo naandika, mpaka saa moja kasoro mtoto anapoamka. Baada ya hapo mteja anaweza kuchukua siku nzima iliyobaki. Atapata mtafsiri aliyechoka kidogo, lakini sentensi za ripoti hazihitaji kitu kingine zaidi ya umakini, na umakini ninao hata saa tisa mchana. Zile za Jaja zinahitaji sikio ambalo bado halijaguswa na mtu.

Siku ya kwanza ilinigharimu. Saa kumi na mbili na nusu mteja alikuwa ameshatuma ujumbe mara nne, nilipofungua simu nikakuta wa nne ni alama za kuuliza tu. Nikamwandikia kwa heshima kwamba kuanzia sasa napatikana saa mbili. Hakujibu hadi jioni, na moyo wangu haukutulia kutwa. Jioni akatuma faili jipya.

Kitu kimoja nimekataa kabisa, na nawaomba wenzangu mkifikirie. Wateja siku hizi wanaleta maandishi yaliyokwishapitishwa kwenye mashine, wanataka "uyapitie tu" kwa nusu ya bei. Malalamiko mengi ninayoyasikia ni juu ya hiyo nusu. Mimi ningeikataa hata kwa bei kamili. Kufasiri mwenyewe, hata dodoso la vyoo, bado ni mimi ninayetafuta neno, natembea ndani ya lugha yangu. Kupitia ya mashine ni kukaa kutwa nzima ukisikiliza Kiswahili ambacho hakijawahi kutoka kinywani mwa mtu, kimelainishwa, kila ngeli mahali pake, na kazi yako ni kukubali, kukubali, kukubali. Nilifanya mwezi mmoja mwaka jana. Ndio mwezi ambao mama aliniambia naongea kama redio.

Nimerudi ukurasa wa tatu. Sikuanza na sentensi ya Jaja, niliiogopa. Nilianza na sigiri, nikaiandika upya, makaa, majivu, kanga ilivyochanika ukingoni. Nikaandika debe. Jumatano nikaandika mguu juu ya debe. Alhamisi askari mgeni akauliza upya swali lake, na mimi nikangoja. Kulikuwa na giza bado, jirani anafungua bomba, ndoo inajaa.

"Mguu yangu leo imekataa," akasema. Halafu akaongeza jambo ambalo sikuwa nalo katika rasimu yoyote: "Kesho utaiuliza wewe. Mimi imeshanizoea."

Faili la mteja lina maneno 6,000. Nitalifungua saa mbili.